Plagi 10 za gari-nyumba la V10: nizibadilishe kabla ya safari au niziache zilivyo?

#1 MkaaBarafu, 9 Machi 2024

Wakuu, habari za wikiendi.

Niko Minnesota, mwaka wa kumi na nne sasa. Oktoba iliyopita nilinunua kwa mzee jirani yangu gari-nyumba, haya madude ambayo wastaafu wa Kimarekani wanazunguka nayo: mbele kichwa cha Ford E-450, nyuma nyumba kamili yenye vitanda, jiko la gesi, choo na bafu. Ni la mwaka 2001, injini ile V10 ya petroli, silinda kumi, lita 6.8. Limetembea maili 52,000, yaani kama kilomita 84,000, kwa miaka 23. Bajaji ya Mbagala inazimaliza hizo kabla rangi haijapauka.

Juni nataka kuipeleka familia Colorado. Tunashuka na barabara kuu ya I-35, tunaikata Nebraska yote kwa I-80, Denver, kisha tunapanda I-70 hadi handaki la Eisenhower, ambalo liko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya semi iliyobeba shaba anajua roho inavyokuwa. Safari hii semi ni mimi, tani 6 na ushee na watoto watatu wanaouliza tunafika lini.

Swali langu ni plagi. Mzee aliniachia bahasha ya risiti: oili, betri, breki, hata waipa. Ya plagi hamna. Nilipomuuliza akasema hazijawahi kumsumbua. Kitabu cha gari kinasema plagi hizi za platinum zinaenda hadi maili 100,000, ila kwa gari la kazi nzito zitoke kwenye 60,000. Gereji moja ya hapa imenipigia hesabu ya dola 780, na kijana wa kaunta akaapa kwamba baada ya miaka 5 lazima zitoke hata kama gari halijasogea. Shemeji yangu, aliyekuwa fundi Morogoro, anasema plagi isiyokusumbua usiisumbue, na hasa kwenye injini hii.

Naomba mawazo ya waliowahi kuzishika kwa mikono yao. Waliosikia kwa jirani wakae pembeni kidogo.

#2 MsomajiKimya, 9 Machi

Natia nanga hapa. Ngoja waje wenyewe.

#3 KaskaziniBoy, 9 Machi

Ungetafuta yenye 1HZ, ile dizeli ya Toyota isiyo na plagi za cheche, usingekuwa na uzi huu. Hita zake sita, mengine mungu anajua.

#4 MkaaBarafu, 9 Machi

Mkuu 1HZ huku nitaitoa wapi, kwenye jokofu?

#5 FundiGerezani, 10 Machi

Nianze na huyo kijana wa kaunta. Plagi hailiwi na kalenda. Inaliwa na cheche. Kila cheche inapopiga inaramba chembe ya chuma pale ncha, na ukizidisha kwa mamilioni, gepu, ule mwanya unaorukwa na cheche, linapanuka. Gepu likipanuka, koili inayoipa plagi umeme inabidi isukume umeme mkali zaidi ili uruke. Siku koili inashindwa, silinda hiyo inakosa moto, ndiyo tunasema gari inamisi. Kwa hiyo plagi iliyokaa miaka 10 kwenye gari lililoegeshwa, gepu lake liko vilevile.

Ila kuna kitu kimoja ambacho kalenda inakila, nacho watu hawakitaji. Plagi ni chuma, hedi ya injini hiyo, yaani kichwa cha juu ya silinda inakofungwa plagi, ni aluminiamu. Vikikaa vimebanana miaka 23, pakiingia unyevu, vinashikana kama ugali uliosahaulika kwenye sufuria. Siku ukija kuitoa inatoka na thredi za hedi, zile nyuzi za skrubu zinazoishika. Hapo hutaongea tena habari ya dola 780.

Kwa hiyo usiulize tu plagi zina umri gani. Uliza zinafanya kazi vipi, na zikikaa zaidi zitatoka salama? Kabla sijasema toa au acha nijibu haya: asubuhi inawaka mara moja? Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inatulia au inatikisika? Ukikanyaga mlimani inavuta bila kushtuka? Taa ya injini iko wapi?

#6 Bujie10, 10 Machi

Wandugu mimi natoka Lubumbashi, sasa niko Kentucky. Kwetu hizo tunaita bujie, kwa hiyo mkiona jina langu msishangae. Niko na gari-nyumba kama hiyo ya 2004, V10 hiyo hiyo. Nilizibadilisha bujie zote kwenye maili 71,000. Zilikuwa bado zinaonekana nzuri, rangi ya kahawa yenye maziwa. Sikuona tofauti yoyote kwa mafuta, ile injini inakunywa tu, ukibadilisha bujie inakunywa, ukiacha inakunywa. Lakini ile kutetemeka kidogo kwa mlima iliisha.

#7 DerevaWaMaili, 10 Machi

Nimesoma jibu la fundi na ninaliunga mkono, ila niongeze jambo ambalo kwa injini hii ni kubwa kuliko gepu.

Hedi za V10 za miaka ya mwanzo, kuanzia 1997 mpaka karibu 2002, zilitoka na thredi chache mno za kushikilia plagi. Kama nne hivi. Hesabu kwenye plagi yenyewe, utakuta ina thredi nyingi tu lakini zinazouma kwenye hedi ni nne za chini. Baadaye walirekebisha wakaongeza. Ya kwako ya 2001 iko kwenye kundi la thredi nne. Kinachotokea ni kwamba plagi inalegea taratibu kwa joto na mtikisiko, inaanza kucheza, inazitafuna zile thredi, mwisho msukumo wa silinda unaitema nje pamoja na koili yake.

Nimeshuhudia. Mwaka 2011 nilikuwa naendesha van ya kubeba wageni wa hoteli kwenda uwanja wa ndege. Niko kwenye maili 60 kwa saa, abiria saba, nikasikia mlio kama risasi chini ya kava, pale katikati ya viti. Halafu pap-pap-pap-pap, na harufu ya petroli. Mama mmoja nyuma akalala chini kabisa akidhani tunashambuliwa. Kufungua kava, koili iko juu ya injini imepasuka, na shimo la plagi linatazama dari. Wiki tatu kabla kuna gereji ilikuwa imebadilisha plagi zote. Aliyezifunga hiyo moja aliibana kwa mkono, simu ikaita, basi.

Walichonga shimo upya, wakaweka bushi ya chuma yenye thredi ndani na nje. Hiyo bushi nzima ni bora kuliko ile springi ya waya ambayo wengine wanaweka, ile ya waya kwenye injini hii huwa inarudi kukusalimia. Gari likaendelea kupiga kazi miaka mingine.

Kwa hiyo Mkaa, hata kama hutabadilisha plagi, lazima ukague kama ZIMEKAZA. Kupanda I-70 na plagi iliyolegea sikushauri.

#8 MsomajiKimya, 10 Machi

Thredi nne? Yaani uzi huu wa humu tayari mrefu kuliko uzi wa plagi.

#9 MkaaBarafu, 11 Machi

DerevaWaMaili umenikosesha usingizi, ahsante.

Fundi, majibu: inawaka mara moja hata ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Sailensa imetulia. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Mlimani sijui, maana Minnesota hatuna milima, tuna mito iliyoganda. Kitu kimoja tu: nikiwa kwenye maili 55 kwenye barabara kuu na upepo wa mbele, mara mojamoja nahisi mtikisiko mdogo, sekunde mbili, unapotea. Mke wangu anasema ni barabara.

#10 DerevaWaMaili, 11 Machi

Siyo barabara, shemeji atusamehe.

Fanya hivi. Barabara tambarare, gia ya juu kabisa, maili 50 hadi 55, mzunguko wa injini uwe chini ya 2,000. Kanyaga mafuta taratibu, zaidi na zaidi, lakini usikanyage mpaka ishuke gia. Hapo injini ina mzigo mkubwa na mzunguko mdogo. Ukihisi kama tairi zinapita juu ya mahindi yaliyoanikwa barabarani, hiyo ni misi. Ikishuka gia yenyewe na mtikisiko ukapotea, ndiyo dalili yenyewe, maana mzigo kwa kila mlipuko umepungua.

Na tahadhari: mtikisiko wa aina hiyo unafanana sana na wa torki konveta ya giaboksi. Kuna watu wameuziwa giaboksi nzima kumbe tatizo lilikuwa kipande cha mpira wa koili cha dola chache. Ndiyo maana usiende gereji na maelezo ya "inatikisika". Nunua kidude cha OBD cha bluetooth, kile cha kusoma kompyuta ya gari, dola 25 hivi, uweke programu kwenye simu, uingie sehemu inayoitwa Modi 6. Kompyuta ya gari huwa inahesabu misi za kila silinda kimyakimya hata kabla haijaamua kuwasha taa. Ikishawaka, kodi P0301 ni silinda ya 1, mpaka P0310 ni ya 10. P0300 ni vurugu ya kila mahali. Na taa ikianza KUPEPESA usiendelee kukanyaga, petroli mbichi inaenda kuyachoma masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi.

#11 FundiGerezani, 11 Machi

Hapo kwenye mzigo acha nifafanue kwa wanaosoma, maana watu wengi wanadhani cheche ni cheche. Cheche kuruka kwenye hewa ya kawaida ni rahisi, ndiyo maana fundi wa mtaani anachomoa plagi, anaigusisha kwenye bodi, inapiga, anasema "nzima hii". Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa. Kadiri inavyoshindiliwa ndivyo umeme unavyopata shida kuruka. Ukikanyaga sana kwenye mzunguko mdogo, silinda inajaa hewa mpaka juu, na hapo ndipo plagi chovu inapoumbuka. Kwa hiyo Mkaa, usidhani mtihani wako uko kwenye handaki. Kule juu hewa ni nyepesi, silinda haijai, injini inapoteza nguvu lakini kwa plagi kazi ni nafuu. Mtihani wa plagi ni Nebraska, gia ya juu, upepo wa mbele.

#12 KaskaziniBoy, 11 Machi

Hii ya hewa nyepesi sikuwahi kuifikiria. Nakubali, fundi.

#13 Kimbunga254, 12 Machi

Wadau samahani kuingilia. Niko Nairobi, tumegeuza Hiace ya petroli kuwa ya kulala, tunazunguka nayo Naivasha, Samburu, wikendi hivi. Injini 1RZ chini ya kiti. Fundi wangu kila servisi anatoa plagi, anazisugua na msasa, anarudisha. Ni sawa?

#14 FundiGerezani, 12 Machi

1RZ plagi za kawaida unazisugua, unapima gepu, unarudisha, hakuna dhambi. Lakini plagi ya kawaida yenyewe bei yake ni ya sahani ya chipsi, baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000 badilisha tu, msasa wa nini. Ambacho hakifai ni kusugua iridium au platinum. Ile ncha ni nyembamba kama sindano, ukiipitishia brashi ya waya umeiua. Nimeona mtu analipia iridium halafu fundi wake anaisugua kama sufuria.

Na bei ikiwa nusu ya duka la pili, hiyo siyo iridium, imeandikwa tu iridium. Angalia maandishi kwenye kauri kama yanafutika kwa kidole chenye petroli, angalia thredi kama zimekatwa safi, angalia ncha kama iko katikati. Feki zimejaa, tusidanganyane.

#15 MkaaBarafu, 12 Machi

Jamani uzi wangu usigeuke wa Hiace 😂 ila kusema kweli hili langu nalo injini iko hapohapo katikati ya viti, kama Hiace ya kipanya. Baridi hii kava likipata moto ni raha.

#16 BintiSegera, 13 Machi

Nauliza kitu nje ya plagi. Tairi zina umri gani? Angalia ubavuni kwenye maandishi ya DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. Mume wangu aliwahi kununua gari la aina hii Texas, plagi alishughulika nazo mwezi mzima, tairi la nyuma la ndani likapasuka siku ya pili ya safari na kung'oa bomba la maji machafu. Sitaeleza zaidi kwa sababu watu wanakula.

#17 MkaaBarafu, 13 Machi

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. 3513.

#18 BintiSegera, 13 Machi

Wiki ya 35 mwaka 2013. Zina miaka kumi na zaidi kaka. Haijalishi kashata zake bado zimejaa kiasi gani, tairi ndiyo inayoliwa na kalenda. Yule kijana wa kaunta alichanganya kitu.

#19 MkaaBarafu, 13 Machi

Sita chini na moja ya spea. Naombeni mniache nikae chini kwanza.

#20 MkaaBarafu, 7 Aprili

Nimerudi na majibu. Barafu imeyeyuka, nilitoka na kidude cha OBD, mke wangu ameshika simu anasoma namba. Nilifanya kama DerevaWaMaili alivyosema, maili 52, gia ya juu, nikakanyaga taratibu. Mahindi yaliyoanikwa! Hata mke wangu alikubali. Modi 6 imeonyesha silinda ya 4 ina misi nyingi, ya 9 ina chache, nyingine sifuri au karibu na sifuri. Taa haijawaka bado.

Silinda ya 4 iko upande wa abiria, ya pili kutoka nyuma. Maana yake ipo kule ndani kabisa karibu na ukuta wa kabati la injini. Bahati yangu.

#21 DerevaWaMaili, 7 Aprili

Hapo uamuzi umeshajifanya wenyewe. Toa ya 4 na ya 9, uangalie, halafu tuongee kuhusu nyingine nane. Injini ILALE usiku kucha, ipoe kabisa, aluminiamu ya moto inaachia thredi kirahisi. Kabla ya kugeuza chochote puliza kila shimo na kompresa, miaka 23 ya vumbi na changarawe viko mle, plagi ikitoka vinaangukia ndani ya silinda.

#22 Bujie10, 7 Aprili

Na kurudisha usitumie racheti kuanza. Chukua kipande cha mpira wa petroli, kama sentimita 30, uchomeke kwa kichwa cha bujie, uzungushe na vidole kupitia huo mpira. Ikienda kombo mpira unateleza wenyewe, hauwezi kuharibu kitu. Ikiingia vizuri unaisikia, inajizungusha laini tu. Baada ya hapo ndiyo spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

#23 MkaaBarafu, 14 Aprili

Jana nilianza saa moja asubuhi, nikamaliza ya 4 saa tano. Plagi moja, saa nne. Kava la ndani linatoka kirahisi, shida ni kufika. Ilibidi niunganishe ekstensheni tatu na kiungo kinachopinda, nimelala kifudifudi juu ya injini, miguu iko kwenye kiti cha dereva, mwanangu wa mwisho ananiuliza kama nimekwama.

Kilichotoka: plagi haikuwa imekaza. Siyo kwamba ilikuwa inacheza, lakini nilipoweka racheti nikajiandaa kwa vita, ikazunguka kama kifuniko cha soda. Ncha yake imelika mviringo. Gepu nimepima milimita 1.75. Mpya inatakiwa kuwa kati ya 1.32 na 1.42. Kwenye kauri nyeupe kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele, umeshuka kutoka juu mpaka kwenye chuma, na ndani ya mpira wa koili kuna mstari wa pacha wake, umekaa mahali palepale.

Ya 9 ilikuwa imekaza sawasawa, gepu 1.6, rangi ya kahawa yenye maziwa kama alivyosema Bujie.

Sasa je, nane zilizobaki?

#24 FundiGerezani, 14 Aprili

Huo mstari ndio umeme umejitengenezea njia ya mkato. Badala ya kuruka kwenye gepu pana, unashuka nje ya kauri kwenda kwenye hedi. Gepu pana ndilo lililoanza, umeme ukatafuta pa kupitia, ukachoma mpira, baada ya hapo hata ukiweka plagi mpya na mpira uleule misi itarudi ndani ya wiki. Plagi mpya lazima na mpira mpya na springi yake. Koili yenyewe unaweza kuiacha kama mwili wake haujapasuka.

Nane zilizobaki: milimita 1.6 kwenye ile nzuri inanitosha. Toa zote. Siyo kwa sababu ya miaka 23 wala maili 52,000. Ni kwa sababu moja umeikuta imelegea na nyingine gepu limeshapanuka, na injini hiyo ina mlima mbele yake.

#25 MtuWaMoro, 14 Aprili

Mimi ndiye shemeji aliyetajwa juu. Nilisema usiisumbue isiyokusumbua. Hii imeanza kusumbua, kwa hiyo sijashindwa hoja.

#26 MkaaBarafu, 14 Aprili

Shemeji umejiunga lini humu 😂😂

#27 Kimbunga254, 15 Aprili

Swali: anapaka ile grisi ya kuzuia thredi zisishikane au hapaki?

#28 DerevaWaMaili, 15 Aprili

Hapo utaanzisha vita. Mimi huwa napaka kidogo sana, mbali na ncha. NGK wenyewe wanasema plagi zao zina mipako tayari, usipake, kwa sababu thredi zenye grisi zinateleza na spana ya torki inakudanganya, unabana kupita kiasi bila kujua. Kwenye hedi ya thredi nne kubana kupita kiasi ni hatari sawa na kulegeza. Asiye na uhakika asipake. Grisi ambayo HAINA ubishi ni ile ya silikoni, unaipaka ndani ya mdomo wa mpira wa koili, inazuia unyevu na mpira hautagandia kauri siku ukiutoa.

#29 FundiGerezani, 15 Aprili

Na torki ni ile ya kitabu cha injini ya mwaka wake, kwa spana ya torki. Mkono wa shemeji hauna namba.

#30 MtuWaMoro, 15 Aprili

Nimeona.

#31 MkaaBarafu, 28 Aprili

Zimeisha zote kumi. Jumamosi mbili na jioni moja. Nimenunua plagi za platinum za aina ileile iliyotoka na gari, kumi, mipira kumi na springi zake, grisi ya silikoni, spana ya torki ambayo sikuwa nayo. Jumla dola 214. Zile mbovu nimezipanga kwenye trei la mayai kwa namba, kuanzia mbele upande wa abiria 1 hadi 5, upande wa dereva 6 hadi 10.

Ya 5 nayo ilikuwa imelegea, chini ya robo mzunguko. Ya 7 ilinitoa jasho, ilikuwa imeshikana. Niliigeuza kidogo, nikaacha mafuta ya kulainishia yaingie usiku mzima, asubuhi nikaenda nayo mbele na nyuma mpaka ikakubali. Ilitoka na ukungu mweupe kwenye thredi lakini hedi ni salama, nimeangalia kwa kamera ndogo. Zilizobaki zilikuwa za kawaida tu, hazina hadithi.

Nilirudi barabara ileile, maili 52, gia ya juu. Kimya. Modi 6 silinda ya 4 ni sifuri. Mafuta? Bujie alisema kweli, inakunywa tu.

Wakati niko mle chini nikakumbuka jenereta nalo lina plagi yake. Lenyewe linahesabu masaa. Nalo nimelifanyia.

Tairi nimeagiza saba. Bei sitaandika, mke wangu anasoma huu uzi.

#32 BintiSegera, 28 Aprili

Hongera. Zikifungwa uombe uone tarehe za hizo mpya pia, maduka mengine yana tairi "mpya" iliyolala stoo miaka mitatu.

#33 MsomajiKimya, 3 Julai

Mkuu ulifika? Nimekaa na nanga hapa tangu Machi.

#34 MkaaBarafu, 11 Julai

Tulifika na tumerudi. Nebraska ilikuwa kama fundi alivyotabiri, siku nzima upepo wa mbele, nimeshika usukani kwa mikono miwili na sikio liko kwenye kava la injini. Hakuna mtikisiko. I-70 tulipanda kwa maili 35, gia ya pili, malori yanatupita, injini inanguruma kama trekta la mkonge lakini haikatiki. Kwenye handaki mke wangu akaniambia nimesafiri kilomita elfu moja na mia sita kuangalia namba za injini kwenye simu na milima sijaiona hata mmoja.

Baada ya kurudi nimegusa plagi nne za nyuma na spana ya torki injini ikiwa imepoa. Zote ziko pale nilipoziacha.

Kilichokufa njiani ni pampu ya maji ya jiko, ile ya volti 12. Inawaka, inanguruma, haivuti. Nitaifungulia uzi wake kesho, fundi usilale mapema.